Kutoka Mengo hadi Marsabit

Februari 1897, msafara uliokuwa umetoka pwani ya Mombasa uliingia Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda. Ujenzi wa reli ulikuwa ndio kwanza umeanza, kwa hiyo safari yote ya bara ilikatwa kwa miguu, na mizigo ikaja vichwani mwa wapagazi. Walikuwamo wamisionari wa Kianglikana, na kati yao daktari kijana aitwaye Albert Cook na muuguzi aitwaye Katharine Timpson, aliyefunzwa kazi katika hospitali ya Guy's, London. Mwaka huohuo hospitali ya Mengo ikaanza. Miaka mitatu baadaye wawili hao wakaoana, na tangu hapo historia ikamkumbuka zaidi mume. Ni kweli alikuwa daktari hodari. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kuutambua ugonjwa wa malale nchini Uganda, mwaka 1901, kabla haujafyeka vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini ukitaka kujua jinsi huduma ya afya ilivyotoka nje ya ua wa hospitali ikafika alipo mwanamke anayejifungua mbali na mji, fuata nyayo za yule muuguzi.

Katharine Cook alikuwa msimamizi wa wauguzi wa Mengo kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichomsumbua hakikuwa wagonjwa waliofika, bali wale wasiofika. Wanawake walijifungulia nyumbani, na waliopata matatizo walibebwa kwa machela wakati damu imekwisha kuwatoka au mtoto amekwisha kufa tumboni. Hospitali moja juu ya kilima isingeweza kuwafikia hata ingekuwa na madaktari mara kumi. Mwaka 1919 yeye na mumewe wakaanzisha shule ya kuwafunza wakunga wa Kiafrika, iliyokuja kujulikana kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa Uganda wa wakati ule. Wasichana waliosoma katika shule za misheni walichukuliwa, wakafunzwa kupima mimba, kupokea mtoto, kukata kitovu kwa kifaa safi, kuzuia damu. Kitabu cha ukunga kikatungwa kwa Kiganda, ili mwanafunzi asome katika lugha anayoiota ndotoni. Waliofuzu hawakubakizwa Mengo. Walipelekwa kwenye vituo vidogo vya uzazi vilivyojengwa vijijini, kila mkunga na kituo chake.

Hapa sitaki kuipamba habari. Shule ile haikuzaliwa kwa huruma tupu. Miaka kumi na zaidi kabla yake, daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alikuja Uganda akatangaza kwamba sehemu kubwa mno ya watu wa Buganda wana kaswende, na kwamba taifa hilo liko mbioni kutoweka. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba wengi wa wale waliohesabiwa huenda walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaofanana na kaswende lakini usioambukizwa kwa zinaa. Lawama hata hivyo ilikuwa imeshawaangukia wanawake. Wamisionari waliyaona matatizo ya uzazi kuwa matunda ya tabia mbaya, na mkunga aliyefunzwa alitakiwa awe mlinzi wa maadili kama alivyokuwa mlinzi wa uzazi. Wakunga wa jadi, waliokuwa wakizalisha tangu enzi na enzi, wakafanywa alama ya giza. Wanahistoria wa Uganda wamelichambua jambo hili bila kuoneana haya, na wana haki.

Ila tazama kilichotokea baada ya wasichana wale kuondoka Mengo. Waliotumwa kuwa macho ya misheni waligeuka kuwa kitu ambacho serikali ya kikoloni haikuwa imekipanga: wanawake wa Kiafrika wenye cheti, wenye mshahara, wanaoishi kijijini na kufanya uamuzi wa uhai na kifo usiku wa manane bila daktari pembeni. Hakuna ofisa aliyekuwa na mamlaka ya namna hiyo juu ya maisha ya raia wa kawaida na akawa wakati huohuo jirani yao. Mkunga wa kituo cha uzazi alikuwa jirani. Alijua nani ana mimba ya pili kabla mtoto wa kwanza hajaacha ziwa, nani anapigwa na mumewe, kisima kipi kinawaharisha watoto. Elimu hiyo haikuandikwa katika ripoti yoyote, lakini ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa kila mpango wa afya vijijini uliofuata katika ukanda wetu.

Ng'ambo ya mpaka wa kusini, Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na watu karibu milioni 9. Mwalimu Nyerere alizoea kusema kwamba taifa lilianza na madaktari Waafrika 12. Namba hiyo imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama methali, na kwa kawaida huishia hapo, kana kwamba nchi nzima ilitibiwa na watu 12. Haikutibiwa nao. Ilitibiwa na wauguzi, wakunga wa vijijini, waganga wasaidizi na wale tuliowaita madresa, waliosafisha vidonda na kuchoma sindano kuanzia asubuhi hadi foleni iishe.

Mmoja wa waliosomea uuguzi enzi za Waingereza alikuwa binti wa Njoro, Moshi, aliyezaliwa mwaka 1934: Lucy Lameck. Alimaliza mafunzo, kisha akakataa kuitumikia idara ya tiba ya kikoloni. Akaingia chama cha TANU, akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, na baadaye Marekani. Aliporudi akaingia bungeni, na akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri mdogo katika serikali ya nchi yetu. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1972 alikuwa naibu katika wizara ya afya. Yaani katika miaka ileile ambayo Azimio la Arusha lilikuwa linageuza mwelekeo wa nchi kutoka mijini kwenda vijijini, aliyekaa karibu kabisa na kiti cha juu cha wizara ya afya alikuwa mtu aliyewahi kuvaa gauni jeupe la uuguzi. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Ni wauguzi wangapi tangu siku zile wamekaa meza ile?

Mwanzoni mwa miaka ya sabini TANU iliamua kwamba fedha za afya zielekezwe kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Zahanati moja ilikusudiwa kuhudumia watu wapatao 10,000, na kituo cha afya watu 50,000. Majengo yalijengwa kwa nguvu za wananchi, matofali yakafyatuliwa, mchanga ukabebwa. Swali gumu lilikuwa nani akae ndani ya majengo hayo. Daktari huchukua miaka mingi kumsomesha, na akishasoma si rahisi kumpeleka pasipo na maji ya bomba. Jibu lilikuwa wasichana waliomaliza darasa la saba. Walichaguliwa, wakapelekwa vyuoni kwa miezi 18, wakarudi wakiwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto.

Yeyote aliyelelewa Tanzania miaka ile na iliyofuata ameguswa na mikono yao. Mizani imening'inizwa kwenye tawi la mwembe au kwenye kenchi ya zahanati, mtoto amevalishwa kaptura ya turubai yenye kamba, ananing'inia huku analia kwa hasira, na muuguzi anasoma sindano ya mizani kisha anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ya mwezi huu inaunganishwa na ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anapewa hongera. Ukilala, anaulizwa nyumbani wanakula nini, kama mtoto anaharisha, baba yuko wapi. Ukishuka hadi kwenye rangi ya hatari, muuguzi hamwachii mama aondoke. Kadi ile ni karatasi ngumu tu, na akina mama waliihifadhi ndani ya sanduku pamoja na hati ya ndoa. Ndani yake mlikuwa na chanjo zote: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio, surua. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na bila wale wasichana wa miezi 18 ungekuwa shehena ya chupa ndani ya majokofu ya Dar es Salaam.

Miaka miwili kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa imekaa chini kusikiliza redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma. Viongozi wa vikundi, kiasi cha 75,000, walipewa mafunzo mafupi. Kila wiki, kwa wiki 12, kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma sura ya kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua cha kufanya. Kipindi kimoja kilihusu malaria, kingine safura, kingine kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Watu walitoka kwenye majadiliano wakaenda kuchimba vyoo. Vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wengi wa viongozi wa vikundi hawakuwa watu wa afya. Walikuwa walimu na wakulima waliojua kusoma. Lakini redio humwambia mtu mara moja tu kwa wiki kwamba achemshe maji. Wiki ya kumi na tatu, redio imenyamaza, kuni ni haba na mtoto ana kiu. Anayebaki kulirudia neno lile mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka na bila kumdharau mtu, ni muuguzi wa zahanati siku ya kliniki. Kwangu mimi tofauti kati ya kampeni na maendeleo iko hapo, na naamini hata waliopanga Mtu ni Afya waliijua.

Dunia ilikuwa inatazama. Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 1975 kitabu cha mifano ya nchi zilizopeleka afya kwa wananchi wenyewe, Tanzania ilikuwamo pamoja na China na Cuba. Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 wakakutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya Kisovieti, wakatangaza lengo la Afya kwa Wote ifikapo mwaka 2000 na kuitaja afya ya msingi kuwa njia yake. Afya ya msingi kwa maana ya Alma-Ata haikuwa dawa peke yake. Ilijumuisha maji safi, chakula cha kutosha, elimu, uzazi wa mpango, ushiriki wa wananchi. Kwa maneno mengine, ilikuwa orodha ya kazi ambazo mkunga wa kijijini alikuwa akizifanya tayari bila kuambiwa kwamba zina jina.

Waliokaa kwenye viti vya mkutano ule walikuwa zaidi mawaziri na madaktari. Lakini miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoundwa mwaka 1899 na ambalo kwa zaidi ya miaka themanini lilikuwa halijaongozwa na Mwafrika, lilimchagua Eunice Muringo Kiereini wa Kenya kuwa rais wake. Alikuwa ameshika wadhifa wa ofisa mkuu wa uuguzi nchini mwake. Alikaa kwenye urais hadi mwaka 1985, miaka ambayo vyama vya wauguzi duniani vilikuwa vinajiuliza mafunzo yao yageuzwe vipi ili muuguzi atoke wodini aende kwenye jamii. Kwa muuguzi wa Kenya swali hilo halikuwa geni. Kwao jamii ilikuwa mlangoni tangu mwanzo. Mwaka ule Kiereini alipokabidhi kiti, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Halfdan Mahler wa Denmark, aliandika kwamba katika safari ya Afya kwa Wote wauguzi ndio watakaoongoza njia. Wakati huo neno maendeleo endelevu, ambalo leo hutumika kuelezea kazi ya namna hii, lilikuwa halijazoeleka. Lilienea baada ya mwaka 1987, tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, daktari na mwanasiasa wa Norway, ilipotoa ripoti yake kuhusu mazingira na maendeleo.

Kisha mambo yakaharibika. Deni, bei ya mafuta, vita vya Kagera, masharti ya wakopeshaji: miaka ya themanini ilizinyonya hazina za nchi zetu hadi zahanati zikabaki kuta. Dawa zilikwisha wiki mbili baada ya kufika. Mama mjamzito akaanza kuambiwa aje na glavu zake, wembe wake, kipande cha mpira wa kulalia. Mwaka 1993 Tanzania ikaanza kutoza wagonjwa katika hospitali za serikali. Aliyesimama mlangoni kumwambia mama kwamba hakuna glavu hakuwa aliyekata bajeti. Alikuwa muuguzi, na ni yeye aliyetukanwa. Ukali unaolalamikiwa leba hauna utetezi. Mwanamke anayejifungua hastahili kofi wala tusi, na wapo waliotendewa hivyo na hawatasahau. Lakini nimekwisha kuona muuguzi mmoja akibeba zamu ya usiku peke yake na akina mama watano wenye uchungu kwa pamoja, na siwezi kuizungumzia adabu yake bila kuizungumzia hesabu hiyo.

UKIMWI ulipowadia ulikuta nyumba imekwisha kuezuliwa. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kupatikana kwa wingi mwanzoni mwa karne hii, sheria na mazoea yalisema lazima daktari aandike. Rwanda, iliyokuwa imepoteza wataalamu wake wengi katika mauaji ya kimbari ya 1994, haikuweza kungoja madaktari. Kuanzia mwaka 2005, katika vituo vitatu vya afya vya vijijini, wauguzi waliofunzwa wakaanza kuwaandikia wagonjwa dawa wenyewe, daktari akipita mara kwa mara kusimamia. Kumbukumbu zilipochambuliwa, wagonjwa wao walikuwa wanaendelea vizuri. Mpango ukapanuliwa nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika zikafanya vivyo hivyo. Mamilioni ya watu wanaokunywa vidonge vyao leo walianzishiwa na muuguzi.

Kuna jambo moja la Tanzania ambalo nalipenda kuliko yote haya, nalo linachukua dakika moja. Mtoto mchanga akizaliwa bila kupumua, ana takribani sekunde 60. Kumpeleka kwingine hakuwezekani, na daktari akiitwa atafika amechelewa. Aliye pale ni mkunga. Mwaka 2009 hospitali nane nchini zilianza kufundisha utaratibu mfupi: mkaushe mtoto, msugue mgongo, fungua njia ya hewa, na kama bado hapumui shika ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, weka barakoa vizuri juu ya pua na mdomo, minya. Wakunga walifanya mazoezi kwenye mwanasesere wa plastiki, tena na tena, hadi mikono ikawa inajua yenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, kutoka kwa maelfu kwa maelfu ya watoto waliozaliwa humo, yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Ambu, barakoa, kitambaa kikavu, mikono.

Takwimu za taifa zimefuata. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika muda huohuo wanaohudumiwa na mtaalamu wakati wa kujifungua waliongezeka kutoka karibu theluthi mbili hadi asilimia 85. Barabara zimechangia, magari ya wagonjwa yamechangia, vituo vya afya vilivyowezeshwa kufanya upasuaji wa dharura vimechangia. Lakini mtaalamu anayetajwa katika hiyo asilimia 85 mara nyingi ni muuguzi mkunga.

Mataifa yalipopitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, wauguzi hawakutajwa kwa jina popote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inawahesabu kuwa milioni 29.8 duniani kote, pengo likiwa milioni 5.8, na sehemu kubwa ya pengo hilo iko katika kanda za shirika hilo za Afrika na Mashariki ya Mediterania. Muuguzi mmoja kati ya saba anafanya kazi nje ya nchi aliyozaliwa. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko. Simlaumu anayekwenda. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma za Kenya walikuwa kwenye mgomo kuanzia tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba, wakidai makubaliano ya mshahara yatekelezwe. Kwa miezi mitano kliniki za chanjo zilifungwa na vyumba vya kujifungulia vikawa tupu, na watu walijionea kwa macho yao mfumo wa afya unakuwaje muuguzi akiondolewa.

Hata hivyo wapo waliobaki, na baadhi wamekwenda mbali kuliko walivyotumwa. Anna Qabale Duba ni muuguzi wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, katika nchi ya wafugaji ambako mvua zikikosa miaka miwili mfululizo ng'ombe hulala njiani. Alisoma uuguzi, akarudi kwao. Wodini aliwaona wasichana waliokeketwa na kuozwa wakiwa wadogo wakifika na majeraha ya uzazi, akafahamu kwamba anafunga bandeji juu ya kidonda kinachochimbwa upya kila siku kijijini. Akajenga shule katika kijiji chake cha Torbi. Tarehe 12 Mei 2022, siku ya wauguzi duniani, alipewa mjini Dubai tuzo ya kimataifa ya uuguzi yenye thamani ya dola za Marekani 250,000, akiwa ameteuliwa kati ya maelfu ya wauguzi walioomba kutoka kila bara.

Shule ile ina zamu mbili. Asubuhi madawati hukaliwa na watoto. Mchana watoto wakitoka, mama zao huingia, wengine na vichanga mgongoni, wakakaa mahali palepale kujifunza kusoma.